Fizi za mama wa miaka 69 zinavuja damu na meno yanacheza: ni umri tu, au kuna tiba?

Mwanakorogwe

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa kinywa na meno.

Mama yangu ana miaka 69. Ana presha na kisukari cha aina ya pili. Anatumia amlodipini mg 10 mara moja kwa siku, na metformini mg 500 asubuhi na jioni. Kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu hivi) cha mwezi uliopita kilitoka asilimia 9.1. Fizi zimevimba, hasa za mbele, zinatoa damu akipiga mswaki, kinywa kina harufu, na meno mawili ya mbele chini yanacheza. Usiku mdomo unamkauka. Hakuna jino linalomuuma, ndiyo maana hataki kwenda hospitali.

Watu wazima nyumbani wanasema ni umri, kila mzee hupitia hapo, ang'oe yote awekewe ya bandia. Duka la dawa walimpa amoksisilini na metronidazoli. Uvimbe ukapungua kidogo, kisha ukarudi. Je, uzee wenyewe unaharibu fizi? Kwa umri huu bado kuna tiba? Na hapa nyumbani tufanye nini?

TabibuKinywa

Pole kwa bimkubwa, na asante kwa kuandika dawa na dozi zake, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Nianze na umri, maana neno hilo ndilo linalowakalisha wazee nyumbani mpaka meno yaishe. Jino halikujengewa ndani ya mfupa moja kwa moja. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo zinazotoka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya. Ukoga, ule utando laini unaojijenga juu ya meno kila siku, umejaa bakteria. Ukikaa kwenye ukingo wa fizi, mwili unapeleka pale damu na seli za ulinzi, fizi inavimba na kuvuja. Hadi hapo hakuna kilichopotea. Mwaka 1965 huko Denmark watafiti waliwaomba watu wachache wenye fizi nzima waache kusafisha meno kwa makusudi: wote walivimba fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na walipoanza tena kusafisha, zikapona kwa takriban wiki moja.

Balaa ni hatua inayofuata. Uvimbe ukidumu, kwa watu wengi kinga ya mwili inayopigana na bakteria inaanza kuharibu nyuzi na mfupa wenyewe. Fizi inaachana na mzizi na kuacha kifuko. Fizi ikiwa na afya, nafasi kati yake na jino ina kina cha milimita 1 hadi 3. Kuanzia milimita 4 ni kifuko, na kikifika 6 hakuna mswaki unaoweza kusafisha chini kule. Ukoga unapokea madini ya mate, unaganda kuwa ugaga, na ugaga unashika ukoga mpya. Jino linabaki kama nguzo iliyochimbuliwa udongo. Kwa kawaida haliumi, kwa hiyo bimkubwa kutosikia maumivu hakumaanishi kwamba yuko salama.

Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Kinachopotea mwaka huu kinajumlishwa na cha mwaka jana na cha juzi, na ndiyo sababu kubwa ya kuyaona maradhi haya zaidi kwa wazee. Takwimu za dunia zinaonyesha kwamba wagonjwa wapya wa hali kali hufikia kilele karibu na umri wa miaka 38. Inaelekea kabisa kwamba unachokiona leo kwa mama kilianza zamani, akiwa bado mtu mzima wa makamo.

Kama uzee ndio ungekuwa chanzo, wote wangeumia sawa. Hawaumii sawa. Sri Lanka, wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno walifuatiliwa kuanzia 1970 kwa miaka 15. Asilimia 8 waliharibika haraka, 81 polepole, na 11 hawakupita uvimbe wa fizi. Hapa kwetu, uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta ukoga na ugaga kwa wingi, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa baadhi tu ya watu. Na Karlstad, Sweden, watu waliofundishwa kusafisha vizuri na kufuatiliwa kliniki kwa miaka 30 karibu hawakupoteza meno: hata walioanza wakiwa na miaka 51 hadi 65 walipoteza kwa wastani meno 1.8 kila mmoja kwa muda wote huo. Hao walimaliza wakiwa na zaidi ya miaka 80.

Hata hivyo, umri una mchango wake. Seli nyeupe zinazokimbilia bakteria zinapungua ustadi, huku mwili ukibaki na uvimbe wa chini chini usiozimika. Seli za kutengeneza nyuzi mpya zinachoka, kidonda kinachelewa kufunga. Kwa wanawake, homoni ya estrojeni ikishuka baada ya kukoma hedhi, mifupa inapungua uzito, taya nayo ikiwemo. Fizi ikirudi nyuma, mzizi unabaki wazi, na mzizi hauna ile ganda ngumu ya juu ya jino, kwa hiyo unaoza kwa asidi ndogo sana. Vidole vikikakamaa, mswaki haufiki meno ya nyuma.

Ila kwa mama yako naona mambo mawili yenye nguvu kuliko miaka yake: sukari ya 9.1, na amlodipini. Hilo la pili wafamasia walieleze.

Mfamasia_Mzizima

Naam, amlodipini. Dawa za presha za kundi hilo, nifedipini ikiwa kinara, zinaweza kuzifanya fizi zinenepe. Kwa kawaida huanzia kwenye vile vipembe vya fizi vilivyo katikati ya meno, zaidi meno ya mbele, mara nyingi ndani ya miezi michache tangu dawa kuanzishwa au dozi kuongezwa. Fenitoini ya kifafa na saiklosporini ya waliopandikizwa figo hufanya hivyo pia. Hazimpati kila mtu, na ukoga ndio unaozidisha: kinywa kikiwa safi, unene huwa mdogo au haupo.

Mama ASIACHE dawa ya presha kwa sababu ya uzi huu. Mpelekeeni daktari aliyemwandikia, mwambieni wazi kwamba fizi zimenenepa, yeye ataamua kama anaweza kumhamishia kundi jingine, mfano losatani. Dawa ikibadilishwa na meno yakasafishwa, unene hupungua polepole kwa wiki kadhaa. Kiharusi kwa kukatiza dawa ni kitu kibaya kuliko fizi.

Sasa hizo antibiotiki. Inaniuma kuona zinavyotolewa dukani kama pipi. Bakteria wa kwenye ukoga wamejifunika utando ambao dawa haipenyi vizuri, na ugaga uko palepale. Unameza vidonge, wale walioko kwenye nyama wanakufa, uvimbe unashuka, wiki mbili baadaye waliobaki kwenye mzizi wamejaza tena. Kila mzunguko unawafunza bakteria usugu. Antibiotiki zina nafasi pale panapokuwa na homa, uvimbe unaosambaa usoni au tezi za shingo zilizovimba, au daktari akiamua kuzitumia pamoja na usafishaji wa kina kwa wagonjwa wachache aliowachagua. Metronidazoli pia inapandisha makali ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mpaka mtu akavuja damu, na haichanganywi na pombe.

Maji ya kusukutua ya klorheksidini 0.2%: ml 10, dakika moja, mara mbili kwa siku, wiki mbili tu, kisha acheni. Yasitumike papo hapo baada ya dawa ya meno; subirini nusu saa, kwa sababu sabuni iliyomo kwenye dawa ya meno inapunguza nguvu yake. Yakizidi muda yanapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Na hayaingii ndani ya kifuko, kwa hiyo msitegemee yatibu kilichoko chini.

Mkienda kwa daktari wa meno, bebeni dawa zote kwenye mfuko, hata za kienyeji. Kuna tatu ambazo lazima azijue kabla hajagusa kitu: warfarini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu (atahitaji kipimo cha karibuni cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda), aspirini ya moyo (msiisimamishe wenyewe), na dawa za mifupa kama alendronati au sindano ya asidi zoledroniki. Hizi za mifupa, jino likishang'olewa, zinaweza kuufanya mfupa wa taya usipone. Mwenye valvu bandia ya moyo naye aseme mapema, maana huhitaji antibiotiki saa moja kabla ya kusafishwa au kung'olewa.

Kuhusu mdomo kukauka: mara nyingi ni dawa, umri una sehemu ndogo. Za mzio, amitriptilini, na za kukojoza zinaongoza. Kwa mama yako sukari ya juu inatosha kuwa sababu. Anywe maji kidogo kidogo, atafune bigijii isiyo na sukari. Pipi za kumung'unya hapana.

DaktariFizi

Niongeze upande wa tiba, kwa sababu watu wengi wakisikia "kusafisha meno" wanafikiri ni kung'arisha, kisha wanashangaa gharama na idadi ya mahudhurio.

Siku ya kwanza apimwe, na huo ndio mtihani wa kliniki mnayoichagua. Daktari anachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anapima pande sita za kila jino, anaandika kina na sehemu zinazotoa damu. Anaangalia meno yanayocheza na kuagiza eksirei kuona mfupa ulipofikia. Kliniki isiyopima vifuko, ikaenda moja kwa moja kwenye kukwangua, haitajua baadaye kama imetibu.

Kisha anamfundisha mgonjwa kusafisha, na kuondoa ugaga wa juu ya fizi. Baada ya hapo ndipo usafishaji wa chini ya fizi: anachomwa ganzi, mizizi inasafishwa kwa mashine ya mtetemo inayotoa maji pamoja na vyuma vya mkono vyenye ncha iliyopinda. Kwa kinywa kilichoharibika sana hugawanywa katika mahudhurio mawili hadi manne. Mwenye kisukari aje asubuhi, awe amekula na kumeza dawa zake kama kawaida, abebe kitu cha sukari mkobani.

Mwandaeni mama kwa yatakayofuata, la sivyo atasema ameharibiwa. Damu kidogo siku hiyo ni kawaida. Meno yatasisimka kwa baridi kwa wiki chache. Fizi zikishapungua uvimbe, meno yataonekana marefu na kutakuwa na mianya katikati. Mianya hiyo haikutengenezwa na daktari. Mfupa ulishaondoka, uvimbe ulikuwa umeificha. Ni hivyo hivyo kwa wale wanaosema kusafishwa kunalegeza meno: ugaga ulikuwa umeyagandisha pamoja, ukitoka unaona ulegevu uliokuwepo. Meno mengi hukaza tena fizi ikipona.

Apimwe upya baada ya miezi mitatu hivi. Kifuko cha milimita 4 au chini kisichotoa damu, tumeshinda. Vilivyobaki na 6 au zaidi vinasafishwa tena au vinafanyiwa upasuaji mdogo: fizi inafunuliwa, mzizi unaonekana kwa macho, unasafishwa, fizi inashonwa. Mahali pengine, pale mfupa ulipolika kwa shimo jembamba na refu, inawezekana kuweka kitu cha kuotesha mfupa, lakini si kila shimo linafaa na si kila hospitali inafanya. Fizi iliyonenepa kwa amlodipini nayo inaweza kukatwa, ila msikubali ikatwe kabla ya usafi na kabla ya kuzungumza na daktari wa presha, kwa sababu itaota tena.

Umri wa miaka 69 hauzuii hata moja kati ya hayo. Kinachozuia ni sukari isiyoshikika na sigara. Mtu wa miaka 80 mwenye sukari nzuri na mikono inayofanya kazi anapona vizuri kuliko wa 45 anayevuta pakiti kwa siku. Mvutaji pia hudanganyika: tumbaku inabana mishipa, fizi hazitoi damu, anadhani mzima.

Na kisukari kinakwenda pande mbili. Sukari ya juu inaharibu fizi, na fizi zenye usaha zinaifanya insulini isifanye kazi sawasawa. Matibabu ya fizi peke yake hushusha HbA1c kwa takriban asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu au minne. Mama wa 9.1 asitegemee hilo limfikishe 7, lakini daktari wake wa kisukari lazima ajue kwamba fizi zinatibiwa, na metformini mg 1000 kwa siku bado ina nafasi ya kuongezwa akiona inafaa na figo zinaruhusu.

MleziWaWazee

Shikamooni wakubwa. Kwa upande wa nyumbani, haya ndiyo yanayofanya kazi.

Mswaki uwe laini. Ulale nyuzi 45 kuelekea fizi, nusu ya brashi juu ya fizi, nusu juu ya jino, kisha utikiswe kidogo kidogo mahali pamoja kabla ya kuhamia meno mengine. Kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi kunachimba mzizi. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, ya usiku isikosekane. Dawa ya meno iwe na floraidi ppm 1,350 hadi 1,500. Isomeni kwenye kasha. Akimaliza ateme bila kusukutua kwa maji, floraidi ibaki kwenye mizizi iliyo wazi.

Katikati ya meno ndiko ugonjwa unakoanzia, na mswaki haufiki huko. Kwa mzee mwenye mianya, uzi wa meno unamshinda na hautoshi. Nunueni brashi ndogo za katikati ya meno. Zinauzwa kwa saizi zenye rangi. Saizi sahihi ni ile inayoingia kwa kubana kidogo huku waya haugusi jino. Ikiingia kwa ulegevu haisafishi, ikilazimishwa inajeruhi. Mara nyingi mtu mmoja anahitaji saizi mbili. Damu itatoka siku za mwanzo, na hapo ndipo wengi huacha. Wasiache: ikiwa hakuna ugaga chini, itakatika ndani ya wiki moja au mbili.

Vidole vikiwa vigumu, funga mpini wa mswaki kwa kipande cha sponji au mpira wa usukani wa baiskeli mpaka unene utoshe kiganja. Asipoweza kabisa, akae kwenye kiti, msaidizi asimame nyuma yake, kichwa kiegemee kifua cha msaidizi, kidole kifungue shavu. Kutokea mbele huoni meno ya nyuma.

Mswaki wa mti unafaa ukiwa mbichi, ncha ikatafunwa mpaka ilainike, na ukavutwa kutoka fizi kwenda kwenye ncha ya jino. Ncha ikikauka ikatwe. Bado katikati ya meno haufiki. Mkaa na chumvi ya kusugulia viacheni, vinakwangua mizizi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza fizi, na aspirini ya kubandika inafanya kidonda cheupe. Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu inatuliza, basi.

Mwanakorogwe

Nawashukuru sana wakuu. Mawili yamebaki. Hayo meno mawili yanayocheza yang'olewe? Na kwa nini tusing'oe yote tukamaliza, kama wazee wanavyosema?

DaktariFizi

Inategemea yanacheza vipi. Yakienda mbele na nyuma tu, yasafishwe kwanza, yanaweza kufungwa na wenzake kwa waya mwembamba na rezini (gundi ngumu ya meno) upande wa ulimi. Jino linaloshuka na kupanda ukilibonyeza kwa kidole mara nyingi halina mfupa wa kutosha, hilo ling'olewe. Uamuzi ufanywe baada ya eksirei, na kwa mengine baada ya ile miezi mitatu.

Kung'oa yote hakumalizi. Taya isiyo na meno inaendelea kupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza. Seti nzima ya bandia ya chini ndiyo inayowatesa wazee kuliko zote, haina pa kushika, inaelea juu ya ulimi, na kutafuna kunapungua sana. Mwenye kisukari akishindwa kutafuna mboga na nyama anaishia uji na mkate, sukari inapanda. Meno hata sita au manane imara ya chini yanaweza kushika bandia ya sehemu vizuri. Hiyo bandia ivuliwe usiku, isuguliwe kwa sabuni na maji ya kawaida, ilale kwenye maji safi. Maji ya moto yanaipinda.

TabibuKinywa

Nikazie jambo moja kuhusu haraka. Uvimbe ukipanda shavuni au chini ya kidevu, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, au akapata homa, msisubiri miadi, nendeni hospitali usiku huohuo. Na kidonda chochote kinywani, au jino moja lililolegea ghafla bila sababu wakati mengine ni mazima, kikipita wiki tatu bila kupona kichunguzwe kama saratani, hasa kwa anayetumia ugoro au tambuu.

La sivyo, wekeni miadi wiki hii na daktari wa kinywa na meno, na siku tofauti ya kliniki ya presha na kisukari. Akishasafishwa, arudi kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Ikionekana vifuko vimetulia na HbA1c iko chini ya 7, daktari anaweza kuisogeza hadi miezi sita.